Tulipewa Moto, Hatukupewa Kitabu Chake

Kila nikiweka video ya baba mdogo akikata chesisi ya lori nyuma ya nyumba yake pale Manyatta, najua kitakachofuata. Nusu ya watu watashangaa vile chuma kinene kama kidole gumba kinafunguka kama mkate. Nusu nyingine watasema huyu mzee atalipua mtaa. Na hakosi mmoja wa kuandika ati watu wa jua kali ni wajinga, hawasomi, hawataki sheria, kaunti iwahamishe wote.

Sasa mimi nimesomeshwa na hiyo gesi. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwa huo moto, kwa hivyo msinitarajie niwe refa hapa. Lakini sitaki kumtetea baba mdogo kwa sababu tu ni wetu. Nataka tuulize swali la historia: huu moto ulifikaje Kisumu, ulipitia mikono ya nani, na kwa nini ulipomfikia yeye ulifika nusu?

Nusu gani? Hebu mwoneni akifanya kazi. Anachukua tochi, na tochi hapa si ile ya kumulika njia ya choo, ni lile bomba lenye mipira miwili, mmoja wa oksijeni na mwingine wa asetilini. Anafungua asetilini kwanza, anawasha, na moto unatoka wa manjano, mlegevu, ukirusha masizi kama koroboi iliyokosa hewa. Kisha anaongeza oksijeni polepole mpaka pale mdomoni panatokea koni ndogo nyeupe yenye ncha safi. Hapo ndipo. Oksijeni ikizidi, moto unapiga mluzi na kuunguza chuma. Ikipungua, kaboni inaingia kwenye chuma na kiungo kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Baba mdogo anasikia hizo tofauti kwa sikio, akiwa amegeuka kubishana na mteja juu ya bei.

Lakini muulize kwa nini mtungi wa asetilini haufai kulazwa. "Tuliambiwa tu hivyo." Muulize kwa nini mafuta hayafai kukaribia valvu ya oksijeni. Hapo atacheka kidogo, maanake kwa miaka mingi nati ya mtungi ikikwama yeye alikuwa anaipaka grisi, kama nati nyingine yoyote. Yaani kinachoonekana anakijua kuliko mhandisi. Kisichoonekana, kile kilichofungiwa ndani ya mtungi, hakuna aliyewahi kumwambia.

Tuanze kabla ya gesi. Chuma si mgeni huku ziwani. Wahunzi wa Samia na wa Yimbo walifua majembe miaka mingi kabla ya Mzungu, na majembe hayo yalitembea mbali, mengine yakilipiwa mahari. Kwa Dholuo mhunzi ni jatheth. Kazi ilikaa kwenye ukoo: mtoto alipewa nyundo na akapewa na miiko yake, nani asikaribie mvukuto, saa gani usiguse kitu gani. Unaweza kuiita ushirikina ukitaka. Mimi naona kwamba ujuzi na onyo vilikuja kwa mkono mmoja.

Halafu yakaja majembe ya dukani, ya bei rahisi, na ikaja reli.

Meli ya kwanza ya mvuke ya Waingereza kwenye ziwa letu, William Mackinnon, ilikuja kutoka Scotland ikiwa vipande vipande. Sehemu ya safari vipande hivyo vilibebwa na wapagazi, kwa mabega na vichwa. Vikaunganishwa hapa, na meli ikaingia majini mwaka 1900, kabla hata reli haijafika. Reli yenyewe iligusa ziwa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya leo. Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Baadaye zikaja Winifred, Sybil, Clement Hill, zote kwa mtindo ule ule: meli inaundwa Uingereza, inafunguliwa, kila kipande kinapewa alama, kinapakiwa, kinakuja kuunganishwa upya Kisumu.

Na iliunganishwa kwa nini? Ribiti. Hakuna kuchomelea. Ribiti inatiwa motoni mpaka iwe nyekundu, inachomekwa kwenye tundu, mmoja anaishikilia huku na mwenzake anaipiga nyundo kule. Kelele tupu. Mji wetu ulianza kwa nyundo kwa sababu mwaka ule wa 1900 tochi ya gesi haikuwa imeingia kazini popote duniani.

Gesi yenyewe ilikuwepo. Edmund Davy aliigundua asetilini huko Ireland mwaka 1836, na watu wakaiacha kama kichekesho cha maabara. Mwaka 1892 Thomas Willson, kule North Carolina, alikuwa anatafuta namna ya kupata alumini kwa bei nafuu, akaishia kupata kabaidi: mawe ya kijivu ambayo ukiyamwagia maji yanatoa asetilini. Mwaka 1895 Mfaransa Henri Le Chatelier akaonyesha kwamba asetilini ikiungua na oksijeni moto unapita nyuzi 3,000 za Selsiasi. Miaka michache baada ya 1900, Wafaransa wengine wawili, Fouché na Picard, wakatengeneza tochi ya kuushika huo moto mkononi. Kisumu ina umri sawa na tochi, au imeizidi kidogo.

Kiswahili kiliipokea gesi hii kama mwanga kabla ya kuijua kama moto wa kazi. Karabai, ile taa ya pampu ambayo wavuvi wa omena waliitumia usiku mpaka ziwa lilionekana kama mji mwingine umewashwa huko ndani, jina lake limetoka kwa kabaidi. Taa za mwanzo zilizobeba jina hilo zilikuwa za mawe na maji. Zikaja za mafuta ya taa zikarithi jina, na sasa omena wanavutwa kwa taa za sola. Jina liko pale pale.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale wa "watu wa jua kali ni wajinga". Asetilini ni gesi yenye hasira. Ukiibana peke yake kupita kama paundi 15 kwa kila inchi ya mraba, inaweza kulipuka yenyewe bila kiberiti. Hao wazungu walioivumbua iliwalipua vizuri sana. Gustaf Dalén wa Sweden, mmoja wa waliowezesha gesi hii kuhifadhiwa salama kwenye mtungi, alishinda tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912 kwa kazi yake ya taa za minara ya baharini. Mwaka huo huo mlipuko wa asetilini ulimpofusha macho yote mawili. Huyo ni mshindi wa Nobel, jamani.

Suluhisho walilofikia ni hili. Mtungi wa asetilini si mtupu ndani kama wa oksijeni. Umejazwa kitu kigumu chenye vitundu vidogo vidogo, kama sponji ya jiwe, na hiyo sponji imeloweshwa asetoni. Gesi inayeyuka ndani ya asetoni kama sukari kwenye chai, ndiyo inatulia. Ukilaza mtungi na kuutumia, asetoni inatoka pamoja na gesi, moto unaharibika, na ndani gesi inakosa kitu cha kuishika. Hiyo ndiyo sababu. Sentensi tano tu. Baba mdogo alifanya kazi miaka 30 bila mtu kumwambia hizo sentensi tano.

Kwa nini? Turudi kwenye karakana.

Wakati wa ukoloni reli ilikuwa na ngazi tatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mshahara ulifuata ngozi. Fundi mwenyewe, mkono wenye tochi, mara nyingi alikuwa Singasinga. Mtaani tuliwaita Kalasinga, na kwa wazee wa Kisumu neno hilo lilikaribia kumaanisha fundi. Nasema kwa heshima. Wengi wao walikuwa na mikono ya ajabu, na wao pia walirithi kazi kwa baba zao. Mwafrika alikuwa nyuma, spana boi: leta hiki, shika pale, sukuma mtungi. Serikali ilifungua chuo cha ufundi cha Waafrika kule Kabete katikati ya miaka ya 1920, na Maseno wamisionari walikuwa wakifundisha kazi za mikono tangu mapema. Lakini hao waliopata nafasi walikuwa tone kwenye ziwa. Mwaka 1940 kampuni ya East African Oxygen ikaanzishwa, hiyo ambayo leo ni BOC Kenya. Mitungi ikaongezeka. Walimu hawakuongezeka kwa kiasi hicho.

Spana boi alijifunza kwa macho. Alisimama nyuma ya bega la bosi miaka saba, minane, akitazama. Na macho ni mwalimu mzuri sana kwa kitu kinachoonekana: rangi ya moto, kasi ya mkono, namna dimbwi la chuma kilichoyeyuka linavyosogea. Kama kulikuwa na kitabu cha maelezo, kilikuwa kabatini, kwa Kiingereza. Mzee aliyemfundisha baba mdogo alikuwa spana boi wa namna hiyo, kwenye karakana moja mjini. Alimwachia kila alichokiona, na ambacho hakukiona hangeweza kumwachia.

Baada ya uhuru mambo yalienda mbio. Sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana Waasia wasio raia, na wengi wakaondoka. Spana boi akaamka asubuhi moja yeye ndiye fundi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli ikagawanywa, meli zikagawanywa, mpaka wa Tanzania ukafungwa, na bandari ya Kisumu ikapoteza nguvu. Watu waliozoea kazi ya reli na meli wakarudi nyumbani na ujuzi wao, wakafungua karakana nyuma ya nyumba, chini ya mti, kando ya barabara.

Nairobi walikuwa wameanza kuliona jambo hili. Shirika la Kazi Duniani liliandika ripoti yake maarufu kuhusu Kenya mwaka 1972, ikisema hawa watu wasio na leseni wanazalisha, waacheni wafanye kazi badala ya kuwafukuza. Mwaka 1985 Rais Moi akawatembelea mafundi wa Kamukunji wakipiga nyundo juani, na baada ya hapo yakaanza kujengwa mabanda. Hapa nina maoni yangu, mnivumilie. Naona jina lenyewe lilitupoteza. Serikali ilisikia "jua kali", ikadhani shida ni jua, ikaleta kivuli. Mabati tukapata. Ila fundi hakuwa anauawa na jua.

Muulize baba mdogo kuhusu mwaka 2009. Mtungi wa asetilini ulikuwa ghali, na hata ukiisha unaendelea kulipia chombo. Kwa hivyo alifanya kama mafundi wengi: akajitengenezea chombo cha gesi. Pipa, maji, mawe ya kabaidi kwenye kikapu cha chuma. Kilo moja ya mawe inakupa gesi kama lita 300, na uji mweupe unaobaki ni chokaa. Jikoni kwa mama mdogo kulipakwa hiyo. Kazi ikaenda vizuri karibu mwaka mzima. Halafu siku moja, akichomelea rejeta ya matatu, moto ukarudi nyuma. Uliingia kwenye mdomo wa tochi, ukapita kwenye mpira, ukaenda kutafuta gesi nyumbani kwake. Mfuniko wa pipa ulitua juu ya paa la jirani. Baba mdogo alipoteza nyusi zote na ngozi ya mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa nimetumwa dukani dakika mbili kabla.

Makosa yalikuwa mawili na nimeyajua nikiwa mtu mzima, kwa kusoma. Hakukuwa na valvu ya kuzuia moto kurudi, kitu kidogo kinachoshikwa kiganjani. Na bomba la kutoka kwenye pipa lilikuwa la shaba nyekundu, la friji kuukuu. Asetilini ikikaa na shaba nyekundu inatengeneza utando unaoweza kulipuka kwa kuguswa tu. Nani angemwambia? Aliyemuuzia mawe? Mawe yale yale sokoni wengine huyanunua kuivishia ndizi, jambo lisilofaa, na hao pia hakuna anayewaambia kitu.

Siku hizi mambo yamegeuka tena. Kwa kukata, wengi wameacha asetilini, wanatumia oksijeni na gesi ya kupikia, mtungi wa kilo 13 uliotoka jikoni. Inafanya kazi, na kuna sababu nzuri. Kukata chuma kwa gesi si kukiyeyusha. Unakipasha mpaka kiwe chekundu, halafu unabonyeza mkono wa oksijeni, na kuanzia hapo chuma chenyewe kinaungua. Chuma ndicho kuni. Zile cheche mnazopenda kwenye video zangu ni chuma kinachoteketea. Kwa hiyo gesi yoyote ya kukipasha inatosha kukata, ingawa kwa kuchomelea asetilini bado haina mpinzani. Lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, inaingia chini ya mlango, inakwenda taratibu mpaka ikute jiko la mtu. Asetilini ilikuwa inapanda juu. Fundi amebadilisha gesi, hatari imebadilisha njia, na tena hakuna aliyekuja kusema.

Serikali huwa inatukumbuka lakini. Januari 2022 biashara ya vyuma vikuukuu ilipigwa marufuku mpaka Mei, kwa sababu kuna watu waliokuwa wakikata nguzo za stima. Sawa, wezi wapo. Ila fundi akatazamwa kama mwizi miezi yote hiyo.

Na kabla ya hapo, 2021. Mwaka huo Wizara ya Afya iliwataka watu walioshikilia mitungi ya oksijeni wairudishe, hospitali zilikuwa hazina. Juni tukasherehekea Madaraka hapa Kisumu, na wiki chache baadaye kaunti 13 za huku zikawekewa masharti makali, kafyu saa moja jioni. Wagonjwa walikuwa wengi. Usiku mmoja vijana wa jirani walikuja kwa baba mdogo. Mama yao alikuwa hapumui vizuri, hospitali waliyoijaribu ilikuwa imejaa. Wanaona mtungi mkubwa wa oksijeni umesimama uani. Si oksijeni ni oksijeni? "Baba, tupe tu huo, tutalipa."

Nilikuwepo. Baba mdogo aliutazama ule mtungi muda mrefu. Ulikuwa umepita mikononi mwa watu wangapi kabla yake? Nani aliujaza, wapi, uliwahi kubeba nini? Na geji zake ni za kazi ya chuma. Presha ya kukatia chesisi ukimwelekezea mtu puani unampasua mapafu. Hilo la presha alilijua. Mengine hakuyajua, na akasema wazi. "Wanangu, mimi natumia hii kitu kila siku, na sijui ndani kuna nini." Kisha akatoa funguo za pikapu. Tukampakia mama, tukavunja kafyu, tukazunguka mpaka hospitali ya tatu wakampokea. Alilazwa wiki tatu, akarudi.

Hiyo sentensi yake haijaniacha. Miaka 30, na bado hajui ndani kuna nini.

Kwa hivyo ukiniambia wahamishwe, nakuuliza, wahamie wapi na waende wakijua nini? Jeti ya Kisumu sasa inaunda meli tena, MV Uhuru ya pili imetoka pale pale bandarini, na vijana wenye vyeti wanachomelea vizuri na nawapongeza. Baba mdogo hawezi kurudi chuoni miaka miwili akiwa na watoto wanne. Kuna mtihani wa ufundi wa NITA, sawa, lakini hata kabla ya mtihani, yule anayemuuzia mtungi ana dakika tano naye kila mwezi. Anahesabu pesa, anatia sahihi, anaondoka. Dakika tano zinatosha kueleza sponji na asetoni, na zinabaki za grisi. Karatasi moja kwa Kiswahili na Dholuo ikibandikwa kwenye mtungi haiwezi kumfilisi mtu. Maandishi yaliyopo ni ya Kiingereza, herufi ndogo, na nusu yamechubuka.

Mwaka jana nilimnunulia valvu mbili za kuzuia moto kurudi, moja ya kila mpira. Alizigeuza geuza akauliza bei, nikamwambia, akasema angenunua mbuzi. Lakini alizifunga. Mitungi sasa imesimama, imefungwa kwa mnyororo kwenye mwembe, oksijeni upande mmoja na gesi upande mwingine, na mkebe wa grisi umehamishwa hadi upande wa pili wa ua.

Jumamosi iliyopita kuna kijana mpya, wa miaka 17 hivi, alikuja kuomba kujifunza. Kabla hajapewa miwani, baba mdogo alimketisha juu ya tairi, akaugonga mtungi wa asetilini kwa kidole. "Omera, huku ndani si kutupu. Kuna jiwe kama sponji." Kijana akauliza sponji ya nini. Sikurekodi hiyo sehemu. Nilitaka kusikiliza.